Hilo Silijibu

Siku kinyozi alipoacha kuuliza, wodi nzima ilifurahi isipokuwa dada yake.

Alikuwa amekuja na shati lililopigwa pasi na maneno yake tayari mdomoni, kama alivyofundishwa. Maana kila siku ilikuwa hivi: akiingia tu, hata salamu haijaitikiwa, mdogo wake anamgeuzia shavu la kushoto na kumwambia, "Dada, hebu nitazame. Limezama?" Naye anameza mate, anatazama shati badala ya uso, anasema sentensi ya wodi: "Hilo silijibu, mdogo wangu. Tuzungumze mengine." Ataulizwa tena. Na tena. Mpaka muda wa kuona wagonjwa uishe, atoke nje, akae kwenye benchi la getini alie kidogo kabla ya kurudi kwenye cherehani yake.

Siku hiyo mdogo wake alipokea shati, akalinusa, akasema, "Umebadilisha sabuni." Akauliza habari za majirani. Akacheka kisa cha jogoo wa jirani aliyeingia kanisani. Fundi, maana watu wote walimwita dada huyu hivyo kwa sababu ya cherehani, alikaa na sentensi yake mdomoni mpaka ikapoa. Alipoinuka kuaga ndipo alipoona: mdogo wake aliinamisha kichwa upande kama mtu anayenong'onezwa sikioni, akakubali kwa kichwa, akasema taratibu, wala si kwake yeye, "Asante."

Na chumba kilinukia spiriti na poda, harufu ya saluni asubuhi, katika wodi ambayo hata mafuta ya kupaka yalifungiwa kabatini.

Wewe ungesemaje? Ungesema mgonjwa amepona, urudi nyumbani ukapike. Wenzako wote walisema hivyo hivyo.

Lakini tuelewane kwanza kuhusu ugonjwa wenyewe, maana najua wapo watakaosema ni mambo ya ujana na kujipenda. Kujipenda! Laiti angejipenda hata kidogo. Kijana huyu alikuwa kinyozi wa kusifiwa, mkono mwepesi, mdomo mtamu, watoto wakorofi walinyamaza kwenye kiti chake. Ila kinyozi hushinda mbele ya kioo kutwa nzima, na katika kutazama vichwa vya watu, siku moja alijitazama mwenyewe akaona shavu la kushoto limebonyea. Hakukuwa na kitu. Nakwambia hakukuwa na kitu. Lakini jicho likishapata pa kujikwaa, hujikwaa hapo hapo kila likipita. Akaanza kuwaacha wateja na kichwa kilichonyolewa nusu, yeye yuko kwenye kioo cha nyuma anavuta ngozi. Baba mmoja alikwenda kumwoza binti yake na ndevu za upande mmoja, watu wakacheka mpaka basi. Kicheko kiliisha siku kinyozi aliposhika wembe akataka kulisawazisha shavu lenyewe. Fundi alimkuta sakafuni amejikandamiza taulo, na taulo lile asubuhi lilikuwa jeupe.

Alikuwa amemlea huyu kijana tangu mama yao alipofariki, akimbeba mgongoni huku anashona. Hakuwa na mtoto mwingine, wala hakumtaka. Alitaka kitu kimoja tu duniani, mdogo wake akae na uso wake kwa amani.

Ndivyo walivyofika kwa Daktari. Mama huyu alikuwa ameutafiti ugonjwa huo tangu akiwa msichana wa chuo, na alipewa wodi ndogo mwisho kabisa wa hospitali, nyuma ya chumba cha kufulia. Humo hapakuwa na kitu kinachong'aa. Vijiko vilikuwa vya plastiki, kwa kuwa mgonjwa hujitazama hata mgongoni mwa kijiko. Madirisha yalipakwa chokaa. Saa ya ukutani ilitolewa kioo chake, mishale ikabaki wazi ikisukumwa na nzi. Ndoo za maji zilikuwa na vifuniko, baada ya bibi mmoja kukutwa ameinamia ndoo tangu alfajiri.

Na ilikuwepo sheria. Hakuna anayemjibu mgonjwa kuhusu sura yake. Si muuguzi, si mfagiaji, si ndugu. "Mkimwambia hana kitu," Daktari aliwaeleza ndugu kila Jumatatu, "mnampa raha ya kitambo, kama mtu anayejikuna upele. Mwasho utarudi na jamaa zake. Mnyimeni jibu. Swali lisilojibiwa huchoka, hufa lenyewe." Alisema kweli. Walikuwepo waliopona, wakatoka, wakaoa na kuolewa. Tusimwonee Daktari.

Ili kupima maendeleo, muuguzi wa zamu ya mchana alitembea na maharage mfuko wa kulia. Kila kinyozi alipouliza, harage moja lilihamia mfuko wa kushoto. Muuguzi huyu walimwita Redio, kwa kuwa alikuwa hazimiki. Mwanzoni mfuko wake wa kushoto ulivimba kama shavu la mtoto mwenye peremende. Sasa maharage hayakuhama hata moja.

"Fundi, hongera!" Redio alimpigia kelele kwenye korido. "Mdogo wako amenimalizia kazi. Nikayapike sasa haya!"

Fundi hakucheka. Akaenda moja kwa moja kwa Daktari.

"Daktari, samahani. Huyu hajaacha kuuliza."

"Ameacha, Fundi. Wiki zote hizi tulikuwa tunaisubiri siku hii."

"Kuna mtu anamjibu."

Daktari alivua miwani akaipangusa. Alikuwa amechoka, na huyu kijana ndiye aliyekuwa fahari ya utafiti wake, ndiye ambaye angewasimulia madaktari wenzake. "Nani amjibu? Wafanyakazi wangu nawajua. Ni wewe?"

"Si mimi. Wallahi si mimi."

"Basi nenda kapumzike, dada yangu. Furaha nayo inachosha."

Kesho yake Fundi alikuja mapema, adhuhuri, wagonjwa wakiwa wamelala baada ya chakula. Majini ya hadithi za bibi zetu yalisubiri usiku yakapiga milango; hili halikuwa na shida na jua. Korido ilikuwa nyeupe pe, mashine za kufulia zikinguruma nyuma ya ukuta. Alipoukaribia mlango wa mdogo wake, alisikia mkasi.

Kacha, kacha, kacha.

Katika wodi ile hapakuwa na mkasi. Hapakuwa hata na pini. Alisimama, mkono juu ya kitasa, na ndipo akasikia sauti, ya chini, ya upole, sauti ya mtu mwenye subira anayefanya kazi yake karibu na sikio la mwenzake.

"Leo limezama zaidi ya jana," ilisema. "Inua kidevu. Hivyo hivyo. Unaona? Wao hawakuambii. Mimi nakwambia."

"Asante," akajibu mdogo wake. "Asante sana."

Akafungua mlango. Kinyozi alikuwa peke yake, amekaa kwenye kiti kuuelekea ukuta mtupu, taulo limefungwa shingoni vizuri kabisa, kidevu juu, macho nusu yamefumbwa kama mteja anayenyolewa. Alikuwa anatabasamu. Na juu ya taulo, mabegani, na sakafuni kuzunguka miguu yake, zilikuwa zimetapakaa nywele zilizokatwa, nyingi, nyeupe za mtu mzee sana, na huyu kijana kichwa chake kilikuwa cheusi na hakikupunguzwa hata unywele.

"Dada," alisema bila kugeuka. "Funga mlango, unaleta upepo."

Redio ndiye aliyezifagia zile nywele, na kuanzia hapo Redio akazimika. Aliwaapia watu kwamba alizifunga kwenye gazeti, akazipeleka shimo la taka, na alipofungua gazeti hapo shimoni halikuwa na kitu ila poda. Wenzake wakamwambia amezidisha zamu.

Daktari alimsikiliza Fundi mpaka mwisho, na hakumcheka. Lakini mtu huona kwa macho aliyosomea. Alisema wapo wagonjwa ambao huanza kwa shavu wakaishia kusikia sauti, kwamba ndugu wa karibu akizidiwa na wasiwasi naye husikia, kwamba kuna dawa. "Kesho nitamfanyisha zoezi la kioo," alisema. "Wewe uwepo. Utaona mwenyewe."

Zoezi la kioo lilikuwa kazi ya Daktari aliyoijua kuliko zote. Palikuwa na chumba kimoja chenye kioo kirefu kilichofunikwa kwa pazia zito. Mgonjwa aliketishwa mbele yake, Daktari ubavuni, pazia linafunguliwa, na mgonjwa anaanza kutaja anachokiona bila kukisifu wala kukitukana. Si "pua mbaya", bali "pua, ina matundu mawili". Wagonjwa wengi hucheka hapo, na kicheko ni mwanzo mzuri.

Fundi aliwekewa kiti nyuma, karibu na mlango. Alipokaa aliuona mgongo wa mdogo wake tu. Pazia likavutwa.

"Naona paji la uso," kinyozi alianza. "Ni pana. Naona nyusi nyeusi. Naona pua, ina matundu mawili."

"Vizuri. Endelea."

"Naona mashavu." Akanyamaza.

Daktari aliinua macho akatazama ndani ya kioo ili amsaidie, kama alivyofanya na wagonjwa wengi kabla yake, na akaona kwamba shavu la kushoto lilikuwa limeingia ndani, limebonyea kama unga uliokandamizwa kwa kidole gumba. Akageuka haraka akamtazama kijana mwenyewe ubavuni pake: shavu zima, limejaa, na kovu dogo la wembe. Akarudi kwenye kioo: limebonyea. Na mabegani pa kijana, huko ndani ya kioo, palikuwa na mikono miwili mikavu yenye vidole virefu, haina mwili nyuma yake, inampangia taulo shingoni kwa ustadi mkubwa, inaikunja ncha ya taulo ndani ya kola, inamshika kidevu na kukigeuza taratibu kumwelekea Daktari. Harufu ya spiriti ikampanda puani mpaka macho yakamtoka machozi.

"Daktari," kinyozi alinong'ona. Kwa mara ya kwanza tangu aache kuuliza alimuuliza mtu wa duniani. "Nakuomba. Unaona?"

Hapo ndipo, jamani. Mimi hapo kila nikifika moyo hunienda mbio, maana jibu lilikuwa moja tu, nalo ni fupi, "Naona." Mtu mwenye macho haambiwi tazama, alikwisha kuona. Lakini ulimi wa Daktari ulikuwa umefundishwa miaka mingi, ulikuwa umewafundisha na wengine, na hofu ilipomjia ulimi ukakimbilia mahali ulipopazoea, kama mtoto anavyokimbilia uvunguni, na kabla hajajua anasema nini alikuwa amekwisha sema.

"Hilo silijibu," alisema.

Mashine za kufulia nyuma ya ukuta zikasimama zote kwa pamoja.

"Limezama," sauti ikasema, kwa upole ule ule. Fundi aliisikia. Redio aliyekuwa koridoni aliisikia. "Mimi naona. Mimi nitakujibu daima."

Kinyozi akaanza kulia, na haikuwa hofu. Alilia kama mtu aliyetua mzigo. Daktari alilirukia pazia akalifunga, na kitambaa kiliendelea kucheza kwa ndani, kikisukumwa na vidole vilivyokuwa vinatafuta upenyo.

Tangu siku hiyo shavu lilianza kuzama kweli. Sasa hata kipofu angeliona kwa kupapasa. Kila asubuhi lilikuwa limeingia zaidi, kisha na la kulia likafuata, kisha macho yakarudi nyuma. Kinyozi alikula vizuri. Alipimwa damu, alipimwa choo, alipigwa picha za kifua na kichwa, madaktari wa idara nyingine waliitwa wakaja wakakuna videvu wakaondoka. Hakuwa na ugonjwa wowote. Alikuwa anaisha tu, akitabasamu, kidevu juu, akimshukuru asiyeonekana.

"Niliona," Daktari alimwambia Fundi koridoni. Alikuwa ameegemea ukuta, koti jeupe limekunjamana. "Aliniuliza nami nikiwa nimeona, nikasema sijibu. Mimi nimemkabidhi kwa ile sauti."

Fundi alitaka kumpiga kofi. Mkono ulimwasha. Badala yake akauliza, "Sasa tufanyeje?"

"Sijui. Mlete yeyote unayemjua. Mlete hata sasa hivi."

Akaletwa mganga. Alikuwa mzee mnene, mcheshi, aliyefukuza majini maisha yake yote na hakuona sababu ya kuyaogopa. "Jini gani hili la kujipodoa?" alisema akivua viatu mlangoni. "Haya, tulitoe, nina safari." Akaketi mbele ya kinyozi, akamwekea mkono kichwani, akaanza kusoma kwa sauti nene iliyojaza chumba. Kwa muda ilionekana inafaa. Harufu ilipungua. Kinyozi alifumba macho.

Kisha sauti, kutoka karibu sana na sikio la mganga, ikauliza kwa adabu, "Mzee, na hilo jicho lako la kulia, tangu lini limeshuka hivyo?"

Mganga aliendelea kusoma. Ila mkono wake ulitoka kichwani mwa kinyozi, ukapanda taratibu, ukaligusa jicho. Akasoma tena kidogo. Akaligusa tena. Akarudia aya moja mara mbili, akasahau iliyofuata, na aliposimama alitoka bila kuaga, bila viatu, kiganja kimefunika jicho.

Fundi alimkimbilia mpaka getini. "Mzee! Mzee, usiniache hivi!"

"Mwanangu, mimi hufukuza majini yanayotaka kitu. La damu nalijua, la mapenzi nalijua. Hili halitaki chochote. Linajibu tu." Alikuwa anahema. "Swali likimtoka mtu, wa kwanza kujibu ndiye mwenye mtu huyo. Muwahi. Usiache hata swali moja likapita."

"Mpaka lini?"

"Hilo sijaambiwa." Akashusha kiganja, akamsogelea. "Hebu niambie ukweli. Jicho hili liko sawa na lenzake?"

"Liko sawa, mzee," Fundi akasema. "Liko sawa kabisa."

Basi Fundi akahamia wodini. Daktari alimtandikia godoro yeye mwenyewe, akawaambia wafanyakazi kwamba sheria imeondolewa kwa chumba kile, na hakuna aliyethubutu kuuliza kwa nini. Fundi alikaa kitandani pembeni ya mdogo wake akimtazama mdomo. Midomo ikianza tu kufunguka, yeye tayari: "Shavu zima, mdogo wangu. Zima, limejaa, uso wako ule ule niliouosha." Mwanzoni lile jini lilimshinda mbio, kinyozi aliuliza moyoni tu, na jibu likaja kabla ya sauti. Fundi akajifunza kujibu lisiloulizwa. Alijibu akila. Alijibu akioga, mlango wazi. Usingizi ukimchukua alijibu usingizini, na Redio, masikini, aliyekuwa ameacha utani wote, alimpokea pale koo lilipokauka: "Zima, kaka, zima kabisa." Ile sauti ya upole iliendelea kusema yake, ila kila mara ilisikika ikichelewa, na kuchelewa kwake kukawa kurefu.

Siku moja kinyozi alitikisa kichwa, akasema, "Dada, mbona unapiga kelele? Nimekusikia." Mashavu yakaanza kurudi. Harufu ikaondoka. Wakamkalisha mbele ya kioo kirefu, Daktari akivuta pazia, na ndani ya kioo alikuwemo kijana mmoja, mwembamba, mwenye kovu, basi. "Naona mashavu," alisema. "Ni mawili." Akacheka. Daktari alitoka nje akalia mpaka akakaa chini.

Wakarudi nyumbani.

Ulipita muda mrefu bila Daktari kwenda kuwaona. Aliona haya, nadhani. Alipokwenda hatimaye ilikuwa mchana kweupe, na saluni ilikuwa imefunguliwa, imejaa watu, redio inaimba. Kinyozi alikuwa amenenepa. Alimwacha mteja na povu kidevuni, akaja kumpokea kwa mikono miwili.

"Daktari wangu! Nitazame mwenyewe. Yaani mimi siku hizi sikumbuki hata shavu ni lipi."

"Nashukuru Mungu. Na dada yako?"

Uso wa kijana ukaingia huzuni, huzuni ya kweli. "Dada hayuko sawa. Ilimwanza tuliporudi tu. Mara mdomo umekwenda upande, mara taya. Anauliza kutwa kucha. Hashoni tena." Kisha akajinyoosha kidogo, kama mwanafunzi anayetaka mwalimu aone kazi yake. "Lakini usiwe na wasiwasi. Siku zile za mwisho wodini sizikumbuki, lakini sheria naikumbuka, namfanyia vile vile mlivyonifanyia mimi. Inaniuma, daktari, unajua alivyonilea. Lakini simjibu. Hata mara moja sijamjibu. Na inasaidia! Tangu juzi ameacha kuuliza."

Daktari hakusubiri aongozwe. Alipita katikati ya wateja, akapita ua, akaufikia mlango wa chumba cha nyuma, na kabla hajaugusa alisikia mkasi ukifanya kazi taratibu ndani, na pua yake ikapokea spiriti na poda.

Fundi alikuwa amekaa kwenye kiti cha cherehani, ameupa mlango mgongo, ameuelekea ukuta, kanga imefungwa shingoni vizuri kabisa. Mkasi ulinyamaza. Akageuza kichwa. Taya lake lilikuwa limeingia ndani upande mmoja, na ngozi imelegea juu yake kama nguo ya mtu mwingine.

"Daktari," alisema kwa shida. "Umekuja. Nitazame. Nikoje?"

"Mzima!" Daktari alipiga magoti, akamshika mikono. "Mzima, Fundi. Uso wako mzima."

Fundi alitabasamu. Machozi yakamtoka. Kwa dakika hiyo moja taya lilionekana kujaa kidogo. "Una hakika?"

"Nina hakika."

"Kweli?"

"Kweli kabisa. Mzima. Mdogo wako aje!" Daktari alipaza sauti kuelekea uani. "Kinyozi! Njoo! Njoo umjibu dada yako!"

Huko mbele redio ilikuwa inaimba, wateja wanacheka, na kijana, aliyekuwa amefundishwa vizuri kuliko mgonjwa yeyote aliyewahi kupita katika wodi ile, aliitika kutoka mbali, kwa upendo na uthabiti: "Hilo silijibu, daktari! Nakaza moyo!"

"Nikoje?" akauliza Fundi.

"Mzima," Daktari akasema. Alitaka kusimama akamfuate kijana, ni hatua chache tu, aende amvute kwa nguvu, arudi. Lakini alipoachia mkono mmoja alisikia, juu ya bega la Fundi, mahali pasipokuwa na mtu, pumzi ikivutwa ndani taratibu, pumzi ya mtu anayejiandaa kusema.

"Mzima," akasema haraka, akaushika tena ule mkono. "Mzima, dada yangu. Mzima. Mzima kabisa."